Kidole cha Shahada

Lugha yetu imekipa kila kidole cha mkono jina lake, na kile kinachofuata gumba ikakipa jina tukufu kuliko yote, kidole cha shahada, kwa kuwa ndicho kinachoinuliwa mwenye kuswali anapokiri kwa ulimi na kwa moyo kwamba Mungu ni mmoja. Na kwa kuwa kidole hicho hicho ndicho kinachokaa juu ya kifyatulio cha bastola, nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba mlenga shabaha ana dhima iliyo kubwa kuliko kupiga na kukosa, nayo ni dhima ya shahidi. Ninayetaka kumsifu hapa ni mtu anayesimama peke yake mbele ya karatasi, mkono mmoja umenyooka, mkono wa pili umetulia mfukoni au kiunoni, akitafuta kwa subira kubwa jambo ambalo watazamaji hawalioni hata kidogo: kukibinya kipande kidogo cha chuma bila ya kuitikisa bastola iliyokibeba.

Bastola ninayoizungumzia si ya vita wala ya kujihami. Ni bastola ya hewa, chombo kilichoingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1988, mpini wake umechongwa kwa mti ukafuata kiganja cha mwenyewe kama kiatu kikuukuu kinavyofuata mguu, na risasi yake, yenye kipenyo cha milimita 4.5, haipiti punje ya mtama kwa ukubwa. Umbali ni mita 10. Duara jeusi la shabaha lina upana wa milimita 59.5, na ndani yake kabisa limo duara la kumi, kiini cha matamanio yote, ambalo upana wake ni milimita 11.5, yaani hauzidi sana ukucha wa kidole cha mwisho. Mshindani hupewa dakika 75 za kufyatua risasi 60. Juu ya bastola hapawekwi kioo cha kukuza wala cha kusogeza. Ana vilengeo viwili vya chuma na jicho aliloumbiwa. Kifyatulio nacho hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko gramu 500, na kabla ya shindano msimamizi hutundika hapo uzito wa gramu 500, akainyanyua bastola taratibu, na ikifyatuka hukataliwa.

Mamangu alikuwa mshonaji wa kofia kule Lamu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu wa umri alinipa mimi, mtoto wake wa mwisho, kazi ya kumtungia uzi sindanoni, nami nikakaa kizingitini pa mlango, mahali penye mwanga, sindano nimeiinua mbele ya njia nyembamba wanamopita watu na punda. Nilijifunza pale, bila ya kujua kwamba najifunza, kuwa mwenye kulitazama tundu la sindano huipoteza njia yote: punda huwa kivuli cha kijivu, buibui ya mpita njia huwa doa jeusi lisilo na ukingo, na sauti tu ndiyo humjulisha nani amepita. Na mwenye kumtazama mpita njia, uzi wake hupita kando ya sindano. Mshika mbili moja humponyoka, na jicho ni mshikaji wa kwanza wa mbili.

Miaka ishirini baadaye, katika klabu moja ya Nairobi, nilikabidhiwa bastola nikaonyeshwa vilengeo vyake, nikayakuta mambo ni yale yale ya kizingitini. Kilengeo cha nyuma kina pengo la mraba. Kilengeo cha mbele, kwenye ncha ya kasiba, ni kijiti kilichosimama wima na kukatwa bapa juu. Mlenga shabaha hukiweka kijiti katikati ya pengo, nafasi ya mwanga kushoto iwe sawa na nafasi ya mwanga kulia, na vichwa vyao viwe mstari mmoja kama maji mtungini. Kisha huvipeleka vyote viwili chini ya duara jeusi, akaacha ukanda mweupe baina yao. Vitu vitatu, basi, viko katika umbali wa namna tatu, na jicho la binadamu limeumbwa kuona vizuri umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila mwanafunzi hulichagua duara jeusi. Ndilo analolitaka, ndilo lenye alama, ndilo ambalo kwa ajili yake ameondoka nyumbani. Na kila mwalimu humrudisha kwenye kijiti.

Watu wengi huisikia amri hiyo wakaitii kwa heshima bila ya kuifahamu, na mimi nilikuwa miongoni mwao mpaka nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu. Chukua bastola ambayo vilengeo vyake vimeachana kwa sentimita 32. Mkono mzima ukihama milimita moja kwenda kulia, vilengeo vikibaki sawasawa, risasi nayo huhama milimita moja, na karatasi haitaona tofauti. Lakini kijiti cha mbele kikihama milimita hiyo hiyo moja ndani ya pengo lake, kosa hukua njiani kama mpasuko wa tanga katika upepo, na likifika mita 10 limekuwa milimita 31. Risasi iliyostahili kumi imeangukia saba. Kumbe duara jeusi linaweza kuwa wingu, na hakuna hasara kubwa. Kijiti hakiwezi kuwa wingu. Aliyelitazama duara amekilinda kisichohitaji kulindwa, akakiacha kijiti bila ya mlinzi.

Naona katika jambo hili adabu ambayo kazi chache zinaifundisha kwa uwazi namna hii, ya kukiacha unachokitamani kiwe na ukungu ili ukitunze kilicho mkononi mwako. Neno letu shabaha hubeba maana mbili, kitu kinacholengwa na nia ya mwenye kulenga, na nadhani wazee walioliacha hivyo walikuwa na sababu, kwa maana uwanjani mtu huipata ile ya kwanza kwa kuitengeneza hii ya pili.

Umri nao haumtoi mtu mstarini. Mshindani ambaye macho yake yameanza kuwa kama ya mamangu huruhusiwa kuvaa miwani yenye kioo kilichopimwa kwa ajili ya umbali wa kijiti, na akaendelea kushindana na vijana walio sawa na wanawe. Nino Salukvadze wa Georgia alitwaa dhahabu ya bastola ya mita 25 Seoul mwaka 1988, enzi ya Umoja wa Kisovieti. Rio de Janeiro mwaka 2016 alishindana pamoja na mwanawe wa kumzaa, mama na mwana katika Olimpiki moja. Na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 alikuwapo tena, mara yake ya kumi. Nijuavyo mimi, michezo inayompa mtu umri wa kazi namna hiyo ni michache mno.

Sasa nije kwenye kidole, ambako ndiko kwenye uzito wa maneno yangu, kwa kuwa jicho hufundishika kwa majuma na kidole kwa miaka.

Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyestaafu jeshini kwa cheo cha sajini, mtu wa maneno machache, mwenye desturi ya kusimama ubavuni pa mwanafunzi na kutazama mkono wake, kamwe asiitazame karatasi. Siku ya kwanza hakunipa risasi hata moja. Alinipeleka mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, hauna alama wala ufa, akaniambia niiinue bastola tupu, nivipange vilengeo juu ya weupe ule, nibinye kifyatulio, nitazame kijiti kinafanya nini. Amri yake ya awali ilikuwa kwamba kidole kikae nje, kimelala juu ya ubavu wa bastola, kisiingie mahali pake mpaka vilengeo vimefika panapohusika, na hilo hakulilegeza kwa mtu yeyote, awe mgeni au bingwa. Nikafyatua. Kijiti kikaruka kama panzi.

"Mwanangu," akasema, "unakinyakua. Kibinye."

"Nakibinya, Mwalimu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi, akailaza juu ya kasiba karibu na kilengeo cha mbele, akarudi nyuma hatua moja. Nilifyatua, sarafu ikalia sakafuni. Niliiokota, nikairudisha, ikalia tena. Kazi yangu ya majuma matatu ikawa ni hiyo, ukuta mweupe na sarafu inayolia, na sioni haya kusema kwamba siku ilipobaki juu ya kasiba mara kumi mfululizo niliona furaha ambayo medali niliyoipata baadaye, ndogo kama ilivyokuwa, haikuipita.

Kifyatulio cha bastola ya mashindano huwa na hatua mbili. Ya kwanza ni nyepesi. Kidole hukisukuma chuma nyuma kwa wepesi mpaka kikakutana na kizuizi, na mwenye kidole kilichoelimika hukitambua kizuizi hicho kama baharia anavyohisi kwa kamba kwamba bildi imegusa mchanga. Hapo ndipo hatua ya pili inapoanza, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa kuwa hatua ya pili haitaki nguvu ila inataka nyongeza ya nguvu, kidogo juu ya kidogo, isiyosita na isiyoruka, mpaka chuma kijiachie chenyewe kwa wakati wake. Sehemu ya kidole inayofaa ni nyama ya pingili ya kwanza, baina ya ncha na kiungo. Mwelekeo ni kurudi nyuma moja kwa moja sambamba na kasiba. Na vidole vitatu vinavyoushika mpini havina ruhusa ya kusaidia. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosomeka. Tangu utotoni tunakunja vidole vyote pamoja, tukishika ndoo, tukishika jembe, tukishika mkono wa mtu. Kukiambia kimoja kiende na vitatu vibaki ni kuvunja mazoea ya maisha. Vikifuatana, mdomo wa bastola huinama, na kwa mwenye kutumia mkono wa kulia risasi hushuka chini upande wa kushoto, mara nyingi kiasi kwamba mwalimu mzoefu huisoma karatasi ya mwanafunzi kama tabibu anavyosoma ulimi wa mgonjwa.

Lakini chanzo cha kunyakua hakimo katika vidole. Kimo katika tamaa, na tamaa yenyewe huzaliwa na mtikisiko. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia. Moyo unapiga, mapafu yanasukuma, misuli inashikizana na kuachiana, na kijiti kinayumba mbele ya duara kama ngalawa iliyotia nanga. Mwanafunzi anaona kijiti kimepita mahali palipo sawa, akili inapiga kelele "sasa!", na kidole kinaruka. Risasi haiendi pale alipopaona. Inakwenda pale bastola ilipotupwa na mruko wenyewe. Bingwa anayaona yale yale, kwa kipimo kidogo zaidi, naye kidole chake kinaendelea na mwendo wake kana kwamba hakuna kilichopita. Ameuridhia mtikisiko. Anajua kwamba mkono uliozoezwa huyumba ndani ya eneo dogo, na kwamba risasi ikitoka popote ndani ya eneo hilo bila ya kusukumwa itakuwa njema. Kinachoitoa nje ni ile haja ya kuikamata kumi kwa nguvu. Nimewaona watu wenye akili nyingi, mahodari katika shughuli zao, wakishindwa na jambo hili kwa miezi, kwa kuwa kila walichokipata duniani walikipata kwa kukirukia.

Hadithi ambayo mwalimu wangu aliipenda kuliko zote, aliyoturudia kwenye benchi la nyuma mvua inapopiga mabati na hatusikilizani vizuri, ilikuwa ya sajini mwenzake, Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1936 Takács alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora wa bastola nchini mwake, akazuiwa kuingia timu ya Olimpiki kwa kuwa nafasi zilikuwa za maofisa, naye alikuwa sajini tu. Hapo sauti ya mwalimu ilikuwa ikishuka kidogo. Zuio likaondolewa baadaye. Mwaka 1938, katika mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono likamlipukia katika mkono wa kulia, mkono wake wa bastola. Akalazwa hospitali mwezi mmoja, akatoka, na bila ya kumwambia mtu akaanza kujifunza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1939 alitokea kwenye mashindano ya taifa, wenzake wakamjia kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwatazama. Akashindana nao, akawashinda. Vita vikala Olimpiki mbili, ya 1940 na ya 1944. Alipofika London mwaka 1948 alikuwa na umri wa miaka 38, akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi ya mita 25 kwa alama 580, rekodi ya dunia. Na Helsinki mwaka 1952 akaitwaa tena.

Watu huisimulia habari hii kuwa ni habari ya ushujaa, nami sibishani nao. Lakini mwalimu wangu aliisimulia kwa ajili ya kidole. Mkono wa kushoto wa Takács, alisema, ulikuwa mkono usiojua kitu, mkono wa mtoto. Kilichokuwa kinajua ni kichwa chake na jicho lake, na kwa hiyo alilazimika kukifundisha kidole kigeni, neno kwa neno, mambo ambayo kile cha zamani kilikuwa kikiyafanya kwa mazoea. Mtu anayefyatua kwa mazoea hajui anachokifanya mpaka mazoea yaharibike. Takács alijua. Mashindano yake, isitoshe, ni yale ambayo risasi tano hufyatuliwa kwa shabaha tano ndani ya sekunde nane, kisha sita, kisha nne, na wenye kudhani kwamba kasi ni ruhusa ya kunyakua wamtazame yeye: ndani ya sekunde nne kidole chake kilibinya mara tano.

Upo ustadi mwingine ambao wageni hawauoni kuwa ni ustadi, nao ni wa kushusha mkono. Mlenga shabaha huinua bastola, huvuta pumzi, huitoa nusu, hutua chini ya duara. Ana sekunde chache za uwazi, saba au nane, kisha jicho huanza kudanganya, picha ya kijiti hukwama machoni hata kijiti chenyewe kikihama, na kidole kilichokuwa kikienda husimama njiani. Wakati huo jambo la haki ni kushusha mkono, kupumua, na kuanza upya, risasi ikibaki ndani. Hakuna anayekukataza. Dakika 75 kwa risasi 60 zinatosha kushusha mkono mara nyingi. Na bado mkono hukataa kushuka, kwa sababu mtu ameshaanza, kwa sababu jirani yake ameshafyatua, kwa sababu anaona fedheha. Risasi mbaya nilizozifyatua maishani, na ninazikumbuka kuliko zile njema, karibu zote zilikuwa za mkono uliokataa kushuka.

Na hata mkubwa wa wakubwa huteleza. Jin Jong-oh wa Korea Kusini alifika Rio mwaka 2016 akiwa ameshinda bastola ya mita 50 Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012, na katikati ya fainali ya shindano hilo hilo risasi moja ikamtoka ikaangukia 6.6, alama ambayo katika daraja lile ni kama nahodha kupanda mwamba mchana. Akashuka hadi ukingoni mwa kuondolewa. Nilitazama nikitarajia kumwona akikimbizana na alama zilizopotea, kama ambavyo mimi ningefanya. Badala yake nilimwona anashusha mkono, anatua, anainua, kidole kile kile na mwendo ule ule, risasi kwa risasi, mpaka wote waliokuwa mbele yake wakawa nyuma, akamaliza kwa 193.7, rekodi ya Olimpiki kwa fainali ile, na akawa mlenga shabaha wa kwanza kushinda shindano moja la mtu binafsi katika Olimpiki tatu mfululizo. Mashindano yale ya mita 50 yameondolewa Olimpiki tangu siku hizo, na naona ni hasara.

Nimebakiza jambo la shahada niliyoanza nayo. Kifyatulio kikiachia, kazi haijaisha. Mlenga shabaha hubaki pale pale, mkono juu, jicho kijitini, kidole kimebinywa, kwa muda wa pumzi moja, na katika muda huo huyaona yaliyotokea: kijiti kilikuwa wapi kilipoinuka. Kisha, kabla ya kuitazama karatasi, hutakiwa aseme risasi imekwenda wapi. Zamani zile klabuni karatasi zetu zilikuwa zikiletwa kwa kigari kinachovutwa na waya, na mwalimu alikuwa akikiweka kidole juu ya swichi bila ya kuibonyeza, akangoja.

"Imekwenda wapi?"

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisema "kumi," kigari kikaja na saba. Alinijibu mara moja tu, kwa upole, maneno ambayo sijayasahau. "Usiniambie ulichokitaka, mwanangu. Niambie ulichokiona."

Nilikuwa sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba jicho wakati wa mlio, kama wafumbavyo wengi bila ya kujijua, na nilichokuwa nikikitoa kilikuwa ushahidi wa mtu ambaye hakuwapo. Ikanichukua miezi mingi ya ukuta mweupe mpaka jicho likakubali kubaki wazi. Jioni moja mwishoni mwa mwaka wa pili, taa zimewashwa, klabuni tumebaki sisi wawili na mfagizi, niliinua mkono, nikatua, kidole kikaenda, na bastola ilipojiachia nilikiona kijiti, cheusi na chenye ukingo mkali, kimeegemea upande wa kulia wa pengo kwa unene wa unywele.

"Imekwenda wapi?"

"Tisa, Mwalimu. Kulia, juu kidogo."

Akabonyeza swichi. Waya ukalia, kigari kikaja taratibu, karatasi ikafika mbele yetu na tundu lake liko katika tisa, kulia, juu kidogo. Mzee akaitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaitoa, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati lake, akabandika nyingine.